Baji wangu ametaga, mayai hayakuanguliwa: je, dume ndiye mwenye kasoro?

*"Daktari, shikamoo. Naishi Isevya, Tabora. Mwaka jana nilinunua baji wawili, wale kasuku wadogo wa kufuga, Dar es Salaam, nikaja nao kwa treni. Wa kijani ana pua ya kahawia, muuzaji akasema ndiye jike. Wa bluu ana pua ya bluu iliyopauka, yenye weupe kuzunguka matundu, akasema ndiye dume. Mwezi uliopita wa kijani alitaga mayai manne chini ya kizimba, nami nikawa nayatoa moja moja kama ya kuku. Mawili ya mwisho nikamwachia, akayalalia wiki mbili hivi kisha akayatelekeza. Muuzaji anasema dume ni dhaifu, niwawekee kwenye maji poda ya kuku ya kutagisha. Jirani yangu anafuga njiwa, yeye anasema niwape chungu chenye nyasi. Chakula chao ni uwele tu. Kizimba nakiweka jikoni kwa sababu ya baridi ya usiku. Binti yangu wa miaka tisa anataka wamkalie mkononi, lakini akiingiza mkono tu wanajigonga kwenye nyaya, na kuna mtu ametushauri tuwakate mbawa. Halafu tangu jana yule wa kijani anakaa chini, kajifutua, mkia unapanda na kushuka. Naomba ushauri ili wazae na wamzoee mtoto."*

Marahaba, mama. Barua yako ina maswali mengi, na lile la haraka kuliko yote umeliweka mwisho kabisa, kama nyongeza. Nianze na hilo, mengine yatasubiri.

Baji anayekaa chini ya kizimba, manyoya yamefutuka, mkia ukicheza kila anapovuta pumzi, ni mgonjwa, tena mgonjwa wa kukimbiliwa. Ndege hawa huficha ugonjwa. Porini anayeonekana mnyonge ndiye anayenyakuliwa na mwewe kwanza, kwa hiyo atajikaza juu ya kijiti na kujifanya anakula mpaka nguvu za kujikaza zimwishie. Wewe umeona dalili jana. Yeye huenda ameanza kuumwa siku kadhaa nyuma.

Kwa jike aliyetaga mwezi uliopita na anayekula uwele mtupu, kitu cha kwanza ninachokishuku ni yai lililokwama. Ganda la yai hutengenezwa kwa kalsiamu, na misuli inayolisukuma yai litoke nayo inahitaji kalsiamu ili ikaze. Uwele una kalsiamu kidogo mno. Yale mayai manne aliyatengeneza kwa akiba iliyokuwa ndani ya mifupa yake, na akiba hiyo haijarudi. Yai la tano sasa linaweza kuwa na ganda laini kama ngozi, na misuli haina nguvu ya kulitoa. Linabaki njiani, linabana vifuko vya hewa na mishipa ya miguu, ndiyo maana mkia unapampu na ndege anashindwa kusimama juu.

Leo hii mtenge na mwenzake. Mweke kwenye boksi dogo au kizimba kidogo kilichofunikwa pande tatu, umwekee chupa ya maji ya moto iliyofungwa kanga upande mmoja tu, ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Unatafuta joto kama la mchana wa Oktoba hapo Tabora, nyuzi 30 hivi. Bakuli la maji ya moto nje ya boksi, mvuke wake ukimfikia kwa mbali, husaidia pia. Chakula na maji yawe chini, karibu na mdomo wake. Usimbonyeze tumbo, hata kama unaliona limevimba: yai likipasukia ndani, umempoteza. Na usimpake mafuta ya kula huko nyuma kama wengine wanavyofanya. Yanaharibu manyoya na yai lenyewe hayalifikii.

Akitaga ndani ya saa chache, utamwona amechangamka mbele ya macho yako. Asipotaga, au akizidi kulegea, usisubiri kesho. Nenda ofisi ya mifugo ya manispaa au kwa daktari wa mifugo aliye karibu. Inawezekana siku zote anatibu ng'ombe na kuku, usivunjike moyo kwa hilo. Sindano ya kalsiamu na maji ya mwilini anaweza kuzitoa, ilimradi ajue anatibu kiumbe cha gramu 30 hadi 40. Mwombe ampime kwenye mizani ndogo kabla ya kuvuta dawa kwenye bomba. Na kama si yai, basi ni ugonjwa wa tumbo au wa njia ya hewa, na huo mimi siwezi kuupima kwa barua. Mpelekee na karatasi yenye kinyesi cha leo.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye ile poda ya kuku. Tafadhali iache dukani. Baadhi ya poda zinazouzwa kwa jina la "kutagisha" zina vitamini zilizochanganywa na antibayotiki ya jamii ya tetrasaiklini. Dawa za jamii hiyo hushikana na kalsiamu tumboni, zote mbili zikawa hazina kazi. Yaani ndege aliyeishiwa kalsiamu unampa kitu kinachomnyang'anya hata ile kidogo anayoipata. Kipimo chenyewe kimeandikwa kwa kuku wa kilo mbili. Tena hakuna dawa ya kumlazimisha baji kutaga, na huyu wako tatizo lake ni kwamba anataga kupita uwezo wake.

Sasa tuje kwa huyo dume anayelaumiwa.

Subiri asubuhi jua likiwa jipya, sogeza kizimba dirishani, umtazame huyo wa bluu usoni. Juu ya mdomo kuna kipande cha ngozi kama nta, na ndani yake yamo matundu mawili ya pua. Dume aliyekomaa, ngozi hiyo ni bluu iliyokolea, rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo, hadi kwenye mdomo wa tundu lenyewe. Jike anaweza kuwa na bluu pia, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea. Bluu ya jike imepauka kama shati lililofuliwa mara nyingi, na kila tundu limezungukwa na duara jeupe. Akifikia wakati wa kutaga, ngozi hiyo hugeuka kahawia, hunenepa, hukunjamana, wakati mwingine hubanduka magamba madogo. Akitoka kwenye msimu huo, inarudi kupauka.

Wewe mwenyewe umeniandikia: bluu iliyopauka, weupe kuzunguka matundu. Mama, una majike wawili. Mmoja yuko kwenye hali ya kutaga, mwingine hayuko. Dume si dhaifu, dume hayupo. Sitamwita muuzaji tapeli, maana wauzaji wengi wanajua tu "bluu dume, kahawia jike", na kwa kanuni hiyo fupi hata yeye amedanganyika. Kanuni hii ya pua, kwa faida ya wengine wanaosoma, haifanyi kazi kwa baji wa njano tupu au weupe tupu wenye macho mekundu, ambao madume wao hubaki na pua ya waridi au zambarau maisha yote, wala kwa vifaranga wa chini ya miezi minne, ambao mistari ya paji la uso bado inashuka hadi kwenye pua. Wako ni wa kijani na wa bluu, na wamepita mwaka, kwa hiyo inawahusu.

Utaniambia mbona wanalishana na kupandana. Majike wawili wakikaa peke yao hufanya hivyo. Dume utamjua zaidi kwa mdomo wake: huimba mfululizo kwa dakika nyingi, sauti ya kububujika, huku akitikisa kichwa juu chini na kugonga mdomo wake kwenye kijiti, kwenye kengele, hata kwenye mdomo wa mwenzake. Jike huongea kwa vipande, na kwa ukali.

Kwamba jike anataga bila dume si muujiza. Kuku wa mayai hufanya hivyo kila siku. Siku nyingine yai likilaliwa siku saba, lishike gizani juu ya tochi ya simu. Lenye mbegu linaonyesha mishipa myekundu kama utando wa buibui. Lisilo na mbegu ni njano safi, na hata lingelaliwa mwezi mzima halitatoa kitu.

Kuna jambo la asili yake ambalo linaeleza kwa nini haachi. Baji ni ndege wa nyanda kame za ndani ya Australia. Huko mvua haina ratiba. Makundi yao huhama kuifuata, na ikinyesha, nyasi zikatoa mbegu, huzaa harakaharaka kabla ukame haujarudi, ndani ya matundu ya mikaratusi. John Gould, mtaalamu wa ndege Mwingereza, aliwapeleka Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na tangu hapo wamezalishwa vizimbani vizazi na vizazi, lakini mwili bado unasoma alama zilezile: chakula kimejaa, kuna mwenzangu, kuna pembe yenye giza, basi huu ndio wakati. Porini alama hizo hudumu muda mfupi, kisha njaa hufunga msimu. Kwako uwele haukauki. Tabora iko nyuzi tano tu kusini mwa Ikweta, urefu wa mchana karibu haubadiliki, kwa hiyo hata mwanga haumwambii apumzike. Na ulipokuwa ukiyatoa mayai moja moja, alikuwa anajaribu kujaza pengo.

Kwa hiyo akitaga tena, muachie mayai hayo hata kama hayana mbegu, ayalalie hadi ayachoke mwenyewe. Ondoa kila kitu chenye kiza ndani ya kizimba, boksi, kibuyu, kitambaa kinachoning'inia. Kila usiku funika kizimba kwa kanga kwa muda wa saa kumi na mbili kamili, na punguza wingi wa mbegu, lakini hilo la mbegu ni baada ya kupona, si sasa.

Jirani yako wa njiwa naye hajakosea kabisa. Kuna nchi, kama India na Pakistani, ambako wafugaji hutumia vyungu vya udongo vyenye mdomo mwembamba, na baji huzaa humo vizuri. Nyasi ndizo hazitakiwi. Baji hajengi kiota. Anataga juu ya mbao tupu au vumbi la mbao, na ukimwekea nyasi atazitupa nje moja baada ya nyingine. Ila kwako wewe, leo, chungu hapana. Majike wawili wakipewa tundu moja la kutagia hulipigania, na jike wa baji akipigana hapigani kwa mchezo. Nimewashona wengi vichwani.

Jikoni watoke leo. Mapafu ya ndege hupitishiwa hewa na vifuko vilivyoenea mwilini, kila pumzi inanyonywa sana kuliko yetu, na sumu iliyo hewani inaingia kwa wingi uleule. Wachimba makaa wa Uingereza walitumia ndege wadogo aina ya kanari kuwaonya kuhusu hewa ya sumu hadi mwaka 1986, kwa sababu ndege alianguka kabla ya mtu kuhisi chochote. Hewa hiyo waliyoiogopa ndiyo inayotoka kwenye jiko la mkaa ukiliacha ndani na dirisha limefungwa, jambo ambalo na wewe na binti yako linawahusu. Kikaango kisichoshika chakula kikiachwa kwenye moto mkali hadi kiungue hutoa mvuke unaoua baji kwa dakika chache. Dawa ya mbu ya kuchoma, ya kupuliza, ubani, vyote mbali naye. Sigara pia, najua Tabora ni mkoa wa tumbaku na sitaki ugomvi na mtu, ila avutie nje. Na baridi uliyoiogopa si kubwa hivyo. Baji mzima anavumilia usiku wa Juni na Julai wa hapo bila shida, ilimradi kizimba kiwe sebuleni, kimegusana na ukuta upande mmoja, hakipigwi na upepo wa mlango.

Kuhusu chakula, uwele ubaki, uongeze ulezi na mpunga kidogo. Kila siku majani: mlonge ndio naupenda kuliko yote kwa sababu ya kalsiamu, kisha majani ya kunde, sukuma wiki, mchicha mara mojamoja. Karoti iliyokunwa. Yai la kuku la kuchemsha lililopondwa, kijiko cha chai, mara mbili kwa wiki. Maganda ya yai hilo usitupe. Yachemshe dakika kumi, yaanike, yatwange, weka kwenye kisosi wale wanapotaka. Ukiwa na mtu anayekuja kutoka Tanga au Dar, akuletee gamba la ngisi, lile jeupe linalookotwa ufukweni, ulifunge kwenye nyaya. Wasipokula majani mwanzoni usikate tamaa, ndege aliyelelewa kwa mbegu haijui rangi ya kijani kama ni chakula. Mfungie tawi bichi lenye umande karibu na kijiti, atalitafuna kwa udadisi. Parachichi wasiguse kabisa, hata lile zuri la Kigoma. Ni sumu kwao.

Mbawa msikate. Nitakuwa mkweli, manyoya ya kurukia yakikatwa na anayejua hayaumi, na huota tena ndege anapobadili manyoya. Lakini ndege wa gramu 35 asiyeweza kuruka ni chakula cha paka, akianguka anaumia kifua, na hamtakuwa mmemfunza kitu zaidi ya kwamba hana pa kukimbilia. Mkono unaoingia kutoka juu, kwake, ni mwewe.

Mwambie binti yako aanze bila mkono kabisa. Yule wa bluu tu, huyu mgonjwa aachwe. Jioni baada ya shule akae karibu na kizimba, asome daftari lake kwa sauti, dakika kumi na tano, asiwatazame kwa kuwakodolea macho. Siku ndege akiendelea kula yeye akiwa pale, aweke kiganja nje ya nyaya, kimetulia. Siku hilo likizoeleka, aingize mkono polepole kutokea chini, umeshika shuke la uwele, na asimfuate ndege, asubiri afuatwe. Ndege akirudi nyuma, mkono nao urudi. Baji anayechukuliwa akiwa na wiki sita hadi nane huzoea ndani ya siku chache. Wako walikuja wakubwa, tena wawili wanaotoshana kwa mazungumzo, kwa hiyo huenda ikachukua miezi, na huenda wakaishia kula mkononi tu bila kukubali kubebwa. Mtoto aambiwe hivyo mapema, asije akadhani ni kosa lake.

Baada ya kushika ndege au kizimba, anawe mikono kwa sabuni. Baji wanaweza kubeba bakteria wa ugonjwa uitwao sitakosisi, unaompata mtu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kilichokauka. Loweka karatasi ya chini ya kizimba kwa maji kabla ya kuikunja, usifagie kavu. Na mtu yeyote nyumbani akipata homa, kichwa na kikohozi kikavu, mkapima malaria ikawa hakuna, mwambieni daktari wa hospitali kwamba mnafuga ndege. Hatalifikiria asipoambiwa.

Ikitokea huyu wa kijani akafa, na inaweza kutokea, usimzike. Mfunge kwenye mfuko, mweke kwenye friji sehemu ya ubaridi, si ya kugandisha, na umpeleke siku hiyohiyo Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, ambao wana kituo hapo Tabora. Ukijua kilichomuua utajua la kumfanyia aliyebaki.

La kuzaa basi. Kama atapona, mpe miezi sita ya kula vizuri bila kutaga. Katika muda huo amua unataka nini. Majike wawili wanaweza kukaa hivyo hivyo, bila tundu la kutagia, wakaishi kwa amani miaka mingi. Baji huishi mitano hadi kumi. Mimi ningekuwa wewe, mwenye mtoto anayetaka rafiki zaidi ya vifaranga, ningeishia hapo. Ukitaka vifaranga, dume mmoja kwa majike wawili ni vita, kwa hiyo unahitaji madume wawili na vizimba viwili vinavyosikiana, maana baji ni ndege wa kundi na kelele za wenzao huwatia hamu. Wote wawe wamefikisha mwaka. Seremala akutengenezee visanduku vya sentimita 20 kwa 15 hivi, tundu la kuingilia sentimita 5, na sakafu aichonge shimo la duara kama kisahani. Sakafu bapa huwatawanya miguu vifaranga wakakua viwete. Atataga yai moja kila baada ya siku moja, manne hadi sita, kila moja likianguliwa baada ya siku 18 hivi, na vifaranga watoke kisandukuni wakiwa na wiki tano. Awamu mbili kwa mwaka, kisha kisanduku kinatolewa. Na uwe umeshajua vifaranga hao wanakwenda kwa nani.

Madume utakaowapata wakae chumba kingine siku 30 kabla ya kukutana na hawa wako. Usinunue kutoka kwenye kizimba kilekile cha mwanzo, wanaweza kuwa ndugu. Na kabla ya kutuma hela, mwombe muuzaji akupigie picha ya uso, mchana, kivulini, bila kuiremba. Ukiona duara jeupe kwenye matundu ya pua, usitume hata nauli.